Mwalimu, Mwanao Anasoma Humu?



Jumapili moja baada ya Misa, nilipokuwa nimesimama barazani pa kanisa nikingoja mvua ikatike, walinijia mume na mke, vijana ambao wote wawili niliwafundisha Darasa la Tatu. Waliniamkia, tukajuliana hali, kisha yule bwana akasema, "Mwalimu, tunaomba shauri lako. Mtoto wetu anamaliza darasa la awali mwaka huu. Je, tumwandikishe katika shule hii ya Serikali ya hapa jirani, au tujikaze tumpeleke ile ya kulipia kule mjini? Wewe umefundisha maisha yako yote. Utuambie lililo sawa."

Niliwaomba wanipe muda. Naona walistaajabu, maana mwalimu mzee hutazamiwa kuwa na majibu tayari, kama vile duka linavyotazamiwa kuwa na chumvi. Lakini sikusita kwa kukosa la kusema. Nilisita kwa sababu swali lao lilinigusa penye kidonda, na mtu hapaswi kumshauri mwenzake juu ya jambo ambalo yeye mwenyewe hajalisema kweli. Basi leo nalisema, na jibu lao litakuwa humo humo.

Mimi nilianza Darasa la Kwanza mwaka 1966, katika shule ya misheni wilayani Muheza. Baba yangu alikuwa mkata mkonge. Kengele yetu ilikuwa kipande cha reli kilichotundikwa mtini, na ilipolia hakuna aliyetembea, wote tulikimbia. Padre alikuwa akipita mstarini kutukagua kucha. Mwalimu alimjua kila mtoto na nyumba atokayo, na ukikosa siku mbili alifika kwenu jioni kuuliza. Nikisema kwamba shule ile ilitulea, sisemi kwa kujisifu. Kusoma, kuandika, kuhesabu na kusema kweli nilivipata pale.

Hata hivyo, haifai kuikumbuka nusu tu ya habari. Shule ile ilitaka ada. Dada yangu aliyenitangulia alitolewa akiwa Darasa la Nne, wala si kwa uzito wa akili, maana kwa hesabu alinishinda mimi mbali. Fedha ya baba ilitosha mtoto mmoja, na mtoto wa kiume ndiye aliyependelewa. Isitoshe, jirani zetu wengi Waislamu hawakuwaleta watoto wao, kwa hofu kwamba mtoto akiingia shule ya misheni atageuzwa dini. Jioni tulicheza nao mpira, na asubuhi tuliachana njiani, sisi tukienda shule na wao wakienda shambani. Kwa akili yangu ya kitoto niliona ndivyo dunia ilivyoumbwa.

Mwaka 1970, kwa Sheria ya Elimu iliyopitishwa mwaka 1969, Serikali ilizitwaa shule za misheni zilizokuwa zikipata ruzuku yake. Nakumbuka huzuni ya wazee wetu wa Kanisa. Walikuwa wamebeba mawe kwa vichwa vyao kujenga yale madarasa, na sasa waliona kama wamenyang'anywa. Siwadharau kwa huzuni ile. Ni kweli pia kwamba baada ya miaka michache paa lilianza kuvuja na hakuna aliyejua ni kazi ya nani kuliziba. Lakini ni kweli vilevile kwamba wale wenzetu wa mpira wa jioni waliingia darasani, wakaketi nasi dawati moja. Na mwaka 1973 ada ya shule za msingi ikafutwa. Kwa dada yangu ilikuwa imechelewa, alikwisha kuolewa.

Tena tusisahau tulikotoka. Kabla ya Uhuru shule za nchi hii zilitengwa kwa rangi: za Wazungu mbali, za Waasia mbali, na za Waafrika mbali. Utengano huo ulifutwa mara baada ya Uhuru, na lilikuwa jambo la haki. Kila nionapo leo watoto wa mtaa mmoja wakiachana njiani asubuhi, hawa wakipanda basi la shule na wale wakitembea kwa miguu, najiuliza kama hatukuuondoa utengano wa rangi ili kuuweka utengano wa mfuko.

Nilipomaliza Darasa la Saba nilichaguliwa kuingia sekondari ya Serikali ya bweni, mwaka 1973. Siku zile tuliochaguliwa tulikuwa wachache sana. Katika bweni letu kitanda cha juu yangu alilala mtoto wa afisa mmoja mkubwa wa mkoa. Tulilima naye shamba la shule, tulipasua kuni pamoja, na tulikula ugali wa sufuria moja. Mwaka wa pili tuliletewa unga wenye wadudu. Tulimweleza mwalimu wa zamu, tukaambiwa tuvumilie. Tulivumilia majuma matatu. Kisha yule afisa akaja kumtazama mwanawe, akaingia jikoni, akauona ule unga. Hakusema mengi. Juma lililofuata lilikuja lori na unga mwingine.

Ndugu zangu, unga ule haukuletwa kwa ajili ya mtoto wa afisa peke yake. Tuliula wote, nami mtoto wa mkata mkonge niliula. Baba yangu angaliuona ule unga wa wadudu angaliumia moyo kama yule afisa, pengine zaidi. Lakini baba yangu hakuwa na mtu wa kumpigia simu. Nimelifikiri jambo hili miaka mingi, na nitalirudia.

Mdogo wangu hakuchaguliwa. Mwaka 1978 baba aliuza mbuzi na machungwa ya msimu mzima, akampeleka sekondari ya binafsi. Vijana wa leo watashangaa kusikia kwamba wakati huo shule nyingi za binafsi zilikuwa kimbilio la walioachwa. Kule kwake hapakuwa na maabara, na walimu walikuja na kuondoka kama wageni. Sisi wa Serikali tuliwacheka. Leo mambo yamepinduka: wanaochekwa ni watoto wa shule za Serikali, hata vijana wa mjini wameziita kwa utani "Mtakatifu Kayumba". Katika kalenda yetu ya Watakatifu huyo hayumo, lakini nina hakika kwamba angalikuwamo, angalikuwa msimamizi wa watoto wanaokaa sakafuni. Mdogo wangu hata hivyo alisoma kwa bidii, akawa karani mwaminifu wa chama cha ushirika mpaka alipostaafu. Kwa hiyo sitaki mtu adhani kwamba jina la mwenye shule ndilo limfanyalo mtoto awe mtu.

Baada ya chuo cha ualimu nilianza kazi mwaka 1979. Ilikuwa miaka ya Elimu ya Msingi kwa Wote, yaani UPE, na watoto walifurika. Vijana waliotoka Darasa la Saba walifunzwa kazi huko huko vijijini ili walimu watoshe, na watani wakaigeuza UPE kuwa "Ualimu Pasipo Elimu". Nilifanya kazi na walimu hao. Baadhi walikuwa dhaifu, na baadhi walikuwa walimu kuliko mimi mwenye cheti. Baadaye wazazi wakaanza tena kuchangia, na mwanzoni mwa miaka ya 2000, chini ya mpango wa MMEM, ada ikafutwa tena na watoto wakafurika mara ya pili. Wakati huo nilikuwa mwalimu mkuu. Darasa la Kwanza lilikuwa na watoto 118 katika chumba kimoja, na mwalimu mmoja.

Mmoja wa watoto hao 118 alikuwa binti yangu, kitinda mimba wetu.

Alikaa hapo miaka miwili. Kila jioni nilibaki shuleni kuwafundisha kusoma watoto waliokuwa nyuma, kwa kuwa naye alikuwa nyuma. Mwaka 2004 mke wangu aliniambia, "Baba, huyu mtoto anapotea." Alikuwa akiuza maandazi na machungwa, na kwa fedha hiyo tulimpeleka shule ya binafsi mjini, ifundishayo kwa Kiingereza. Walimrudisha Darasa la Pili ili ashike lugha. Nikaona aibu, nikanyamaza. Hata walimu wenzangu sikuwaambia sawasawa.

Mwaka huo huo tukafanya mkutano wa wazazi. Nilisimama mbele yao nikawaomba wachange kwa ajili ya madawati. Nilisema maneno mazuri sana juu ya shule kuwa mali yetu sote. Nilipomaliza, mama mmoja aliyekuwa amekaa nyuma na mtoto mgongoni akainua mkono, akaniuliza kwa sauti ya kawaida, bila ukali wowote: "Mwalimu, mwanao anasoma humu?"

Nikajibu, "Yuko kwa shangazi yake mjini."

Ulikuwa uongo. Hakuna shangazi yeyote mjini. Nilijua ni uongo, na nadhani nao walijua. Mkutano ukaendelea, lakini michango ya madawati haikufika hata nusu.

Usiku ule sikulala. Kwanza nilijitetea. Nilijiambia kwamba mzazi ana wajibu kwa mwanawe kabla ya wengine, na hilo bado naliamini. Mungu hakunipa watoto 118 wa kuzaa, alinipa wanne. Baba anayemwacha mtoto wake ashindwe kusoma ili yeye aonekane mwema mbele ya watu, huyo anajipamba kwa jasho la mtoto. Lakini nilipokwisha kujitetea, jambo jingine likanijia, nalo sikuwa na utetezi wake.

Mlango wa choo cha wasichana ulikuwa umeng'oka mwezi wa pili. Sasa ulikuwa mwezi wa saba. Kwa miezi mitano wasichana wa shule yangu walikuwa wakisimamiana zamu na kanga ili wajisitiri. Nilikuwa nikipita pale kila siku. Je, binti yangu angalikuwa bado humo, ningaliuacha mlango ule hata miezi miwili? La hasha! Ningaliita fundi kesho yake, hata kwa fedha yangu. Tena yale masomo ya jioni, niliyoyafanya miaka miwili bila kukosa, nilikuwa nimeyaacha, nikisema nimechoka. Sikuyaacha kwa uchovu. Niliyaacha kwa sababu mwanangu alikuwa ameondoka, na moyo wangu uliondoka pamoja naye.

Hapo ndipo nilipokumbuka ule unga wa wadudu. Kumbe mimi nilikuwa yule afisa wa mkoa wa shule yetu. Mimi ndiye niliyejua kuandika barua kwa Afisa Elimu, ndiye niliyejua ruzuku inakuja lini, ndiye niliyesikilizwa. Wazazi wengine walikuwa na uchungu kama wangu, lakini hawakuwa na sauti. Nilipomtoa mtoto wangu nilipunguza kiti kimoja tu sakafuni. Nilipojitoa mwenyewe niliwanyima watoto wote waliobaki.

Katika mkutano uliofuata nilisimama nikasema kweli: binti yangu yuko shule ya binafsi, hakuna shangazi, nami niliwadanganya, naomba radhi. Nikasema pia kwamba mlango wa choo umekwisha tengenezwa na masomo ya jioni yanaanza Jumatatu. Yule mama akasimama tena, akasema, "Mwalimu, kumpeleka hatukulaumu. Sisi nasi tungalikuwa nazo tungalipeleka. Tuliogopa tu kwamba na wewe umekwenda." Madawati hatukuyapata yote mwaka ule, bali tuliyapata mengi.

Naye binti yangu je? Alipata Kiingereza kizuri na tabia ya kuuliza maswali bila woga, jambo ambalo katika darasa la watoto 118 ni shida kulifundisha. Lakini alirudishwa nyumbani mara mbili kwa kukosa ada, na kule alichekwa kwa ajili ya viatu vyake, maana miongoni mwa wenzake yeye ndiye aliyekuwa maskini. Aliporudi likizo, alisoma Kiswahili kwa kujikwaa, na watoto wa jirani aliokua nao walianza kumwonea haya. Ilimchukua muda kurudi kwao. Nayasema haya ili watu wasidhani kwamba shule ya kulipia huuza elimu tupu. Huja na mambo mengine kapuni.

Mwajua habari za Musa. Mama yake alikubali alelewe katika nyumba ya mfalme, akapata elimu ambayo watoto wa ndugu zake hawakuipata. Sijasikia mhubiri yeyote akimlaumu mama yule. Lakini Musa alipokua alitoka nje akaenda kuwatazama ndugu zake katika mizigo yao. Nadhani swali letu limo hapo. Si kosa mtoto kulelewa kwa Farao. Kosa ni kukaa humo mpaka usijue tena kwamba nje kuna ndugu wanaobeba matofali.

Hili latuhusu sisi Kanisa pia. Shule ya wamisionari wetu huko Kiungani, Unguja, hapo mwanzo ilikuwa ya watoto waliokombolewa utumwani, ambao hawakuwa na baba wa kuwalipia chochote. Leo Kanisa lina shule nzuri, nazo zataka ada, kwa kuwa walimu wake hula na chaki haianguki kutoka mbinguni. Silaumu. Lakini tujiulize: katika shule zetu, mtoto wa mjane ana viti vingapi? Na ile shule ya Serikali tunayopakana nayo, ambayo baadhi ya mawe yake yalibebwa na babu zetu, tunaitazama kama yetu au tunapita kando kama wale wawili waliomkuta mtu amelala njiani?

Mwaka 2016 ada iliondolewa mpaka Kidato cha Nne, nalo ni jema. Ila limekuja na ugonjwa mmoja: wengi wetu twadhani kwamba kwa kuwa hatudaiwi fedha, basi hatudaiwi kitu. Mikutano ya shule ina viti vitupu. Wenye watoto kule kwa Kayumba hawaji kwa kuwa wamekata tamaa, na wenye watoto mjini hawaji kwa kuwa hawaoni yanawahusu. Chombo cha kuzama hakina usukani. Hapo mlango wa choo hung'oka mwezi wa pili, na hakuna afisa wa kuingia jikoni.

Basi nawajibu vijana wangu wawili. Pimeni mfuko wenu na mtazameni mtoto wenu. Mkiweza kumlipia bila kuwanyima wadogo zake na bila kukopa kila muhula, mpelekeni, wala msione haya. Binti asikatwe ili mvulana asome; hilo nalisema kwa ajili ya dada yangu. Msipoweza, mleteni hapa jirani, nanyi fuatilieni daftari lake kila jioni, maana mwalimu mwenye watoto mia hawezi kuwa baba wa mia. Lakini lolote mtakalochagua, nawasihi jambo moja: mkimhamisha mtoto, ninyi msihame. Njooni mikutanoni. Ingieni katika kamati ya shule. Ulizeni habari za maji, vyoo na vitabu kama kwamba mwenenu amo humo, kwa kuwa watoto waliomo ndio atakaoishi nao mtoto wenu, atakaofanya kazi nao, na pengine atakaooana nao. Na mkiulizwa anasoma wapi, semeni kweli.

Mimi sasa sina mtoto wa kusomesha. Kila Jumanne na Alhamisi, saa nane mchana, naenda pale shuleni kukaa na watoto wa Darasa la Pili ambao hawajaweza kusoma. Walikuwa kumi na wanane tulipoanza muhula, sasa ni kumi na mmoja. Macho yangu hayana nguvu kama zamani na maandishi madogo yananishinda. Wakipatikana wawili wa kunisaidia, wastaafu au akina mama, hata wanaosema hawakusoma sana, tutawamaliza wote kabla ya kufunga shule. Mwenye nafasi na anione baada ya Misa, pale barazani.

Ni mimi ndugu yenu,
Mwalimu mstaafu